Uliza Mama Korti: Mpelelezi wa kesi yako ana nguvu gani hasa?

Wasomaji wangu, mwezi huu barua na meseji karibu zote zinamzungumzia mtu mmoja, yule askari asiyevaa gwanda anayekuja na bahasha ya kaki kwapani. Nimezipunguza, zinazouliza kitu kilekile nimeziunganisha, na majina nimeyaficha. Wa Zanzibar mnivumilie, polisi ni wa Muungano lakini nyie mna DPP wenu, yaani mkurugenzi wa mashtaka, na sheria yenu ya mwenendo wa jinai, kwa hiyo nikieleza mambo ya bara msiyabebe vilevile mkavuka nayo bahari.

Shikamoo Mama Korti. Duka langu hapa Mbagala lilivunjwa, vijana wawili wakakamatwa, nikapewa RB, ile namba ya taarifa ya polisi, na mpelelezi. Sasa kila nikimpigia ananiambia "kesi iko mkononi mwangu mzee, mimi ndo naamua iende au isiende", halafu anaomba hela ya mafuta ya kufuatilia mashahidi. Je ni kweli yeye ndo anaamua? – Mzee wa Duka, Mbagala

Marahaba. Si kweli, na nadhani na yeye anajua si kweli.

Mpelelezi kazi yake ni kukusanya. Anachukua maelezo yako na ya mashahidi, anakwenda eneo la tukio, anachora ramani, anakamata vielelezo, anamhoji mtuhumiwa, vyote hivyo anaviweka kwenye jalada. Na jalada hilo si lake peke yake, juu yake kuna mkuu wa upelelezi wa wilaya, yule mnayemuita OC-CID, juu ya huyo kuna RCO, mkuu wa upelelezi wa mkoa, na juu yao wote yupo DCI, mkurugenzi wa upelelezi makao makuu. Wakimaliza jalada linakwenda kwa wakili wa serikali, huyo ndiye anayelisoma na kuamua ushahidi unatosha kufungua shtaka au hautoshi, na shtaka gani. Anaweza pia kulirudisha na maelekezo, nenda kamhoji fulani, nenda kalete risiti ya televisheni iliyoibiwa.

Zamani mambo yalikuwa yamechanganyika kweli, polisi huyohuyo anapeleleza halafu polisi mwenzake anasimama mahakama ya wilaya kuendesha mashtaka, wazee mnawakumbuka ma-PP, waendesha mashtaka wenye gwanda. Ndo ikaja sheria ya mwaka 2008 ya kutenganisha upelelezi na uendeshaji wa mashtaka, taratibu taratibu mawakili wa serikali wakachukua nafasi zile, na mwaka 2018 ikawa ofisi inayojitegemea, Ofisi ya Taifa ya Mashtaka chini ya DPP. Kwa hiyo mwenye kauli ya kuifuta kesi iliyoko mahakamani ni DPP, sheria ndiyo iliyompa hayo madaraka. Mpelelezi hana kauli hiyo na OC-CID pia hana.

Ila nisikudanganye, mzee wangu. Mpelelezi asiye na haraka anaweza kuiua kesi bila kuifuta. Asipomwandika maelezo yule mlinzi wa jirani aliyewaona vijana, asipokwenda kuangalia kamera ya duka la simu kabla haijajifuta, wakili wa serikali atalisoma jalada na kusema hapa hakuna kitu, na atakuwa yuko sahihi kabisa maana yeye anaamua kwa kilichomo kwenye jalada. Nguvu ya mpelelezi iko hapo, mwanzoni, siku zile za kwanza.

Hela ya mafuta usitoe. Nenda kwa OC-CID na namba yako ya RB, uulize jalada limefika wapi na limerudi na maelekezo gani. Ukiombwa tena, TAKUKURU namba yao ni 113 na ni bure.

Mama habari. Mdogo wangu yuko mahabusu hapa Morogoro, kila tukienda mahakamani wakili wa serikali anasimama dakika moja "mheshimiwa upelelezi haujakamilika tunaomba tarehe nyingine". Mpelelezi mwenyewe hatujawahi kumuona mahakamani hata siku moja. Hii itaisha lini? – Dada Mtu, Morogoro

Pole dada. Kumuona mpelelezi siku za kutajwa kesi usitegemee, siku hizo ni wakili wa serikali na hakimu tu, mpelelezi anakuja siku ya kutoa ushahidi.

Sasa kuhusu lini. Mtu akikamatwa bila hati kwa kosa ambalo si la adhabu ya kifo, polisi wana saa 24 za kumfikisha mahakamani kama inawezekana. Baada ya hapo ndo inaanza hiyo nyimbo yenu. Kwa kesi ambazo mahakama ile inaweza kuzisikiliza yenyewe, sheria inasema kuahirisha kusizidi jumla ya siku 60, zikipita RCO alete hati ya maandishi ya kuomba muda zaidi na kueleza kwa nini, zikipita na hizo iletwe hati ya wakili wa serikali, na mwisho ya DPP, na yote kwa pamoja yasivuke miezi 24. Hati isipokuja hakimu ama aanze kusikiliza ama amwachie. Tatizo ni kwamba hakimu ana mafaili arobaini asubuhi ile, na kama hakuna anayesimama kusema mheshimiwa siku 60 zimepita na hati hatujaiona, mara nyingi inapigwa tarehe tu. Mdogo wako ana haki ya kulisema hilo mwenyewe kizimbani hata kama hana wakili. Anyooshe mkono aseme.

Halafu mwaka 2022 sheria ilirekebishwa, kesi za kawaida za mahakama za chini zisipelekwe mahakamani mpaka upelelezi ukamilike, yakaachwa nje makosa makubwa. Hujaniambia mdogo wako anashtakiwa kwa nini. Kama ni mauaji au uhujumu uchumi wa kiwango cha juu hayo ya siku 60 hayamhusu, na huko ndo watu wanakaa miaka. Kama ni wizi wa kawaida, basi kuna swali zito la kumuuliza wakili wa serikali, iweje shtaka limefunguliwa na upelelezi bado.

Tahadhari moja. Akiachiwa kwa sababu hiyo haimaanishi ameshinda, wanaweza kumkamata tena wakiwa wamejipanga, wengine wanakamatwa hapohapo nje kwenye ngazi. Msiandae pilau mapema.

Mimi naomba kuuliza, rafiki yangu alisaini maelezo polisi kwamba alikubali kosa, anasema alipigwa. Mahakamani akakana. Je yale maelezo yana nguvu? Na mpelelezi anaruhusiwa kumhoji mtu mpaka lini? – Kijana wa Singida

Hili ndilo lililoulizwa na wengi kuliko yote kwa hiyo nitalala nalo kidogo.

Maelezo yale yanaitwa maelezo ya onyo. Yanaitwa hivyo kwa sababu kabla mpelelezi hajaandika mstari wa kwanza anatakiwa amuonye mtuhumiwa, kwamba unatuhumiwa kosa hili, hulazimiki kusema lolote, ukisema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani, na una haki ya kuwa na wakili au ndugu au rafiki. Kama ni yeye anaandika, akimaliza amsomee au ampe asome, amwambie asahihishe akitaka, ndipo asaini. Mtuhumiwa anaweza pia kuomba aandike mwenyewe kwa mkono wake.

Muda wa kuhojiwa ni saa 4 tangu awe chini ya ulinzi kwa kosa hilo. Mkuu wa upelelezi anaweza kuongeza mpaka saa 8 nyingine lakini amwambie mtuhumiwa, zaidi ya hapo waende kwa hakimu kuomba. Muda wa kumsafirisha kwenda kituoni hauhesabiwi, kwa hiyo aliyekamatwa kijijini ndanindani akapakiwa gari mpaka wilayani asianze kuhesabu saa tangu kule porini. Mahakama ya Rufani imeshayatupa nje maelezo mengi kwa kosa la muda tu, mtu kakamatwa Jumatatu, maelezo yameandikwa Jumatano, hakuna maelezo ya kwa nini. Siku hizi majaji wanaangalia pia kama kuchelewa kulikuwa na sababu ya kueleweka, mfano upelelezi ulikuwa wa kuzunguka mikoa mitatu, kwa hiyo usiweke matumaini yote kwenye saa.

Tuje kwenye kukana. Watu wengi wanakosea hapa. Kijana anakaa kimya mpelelezi anapoyatoa maelezo yale mahakamani, hakimu anamuuliza "una pingamizi?" anasema hapana, yanapokelewa kuwa kielelezo, halafu miezi mitatu baadaye kwenye utetezi wake ndo anaanza kuhadithia alivyopigwa. Hapo umechelewa, mahakama itasema hiyo ni hadithi ya baadaye. Mlango ni ule uleule hakimu anapouliza. Ukisema napinga, nililazimishwa, kesi kubwa inasimama na inaanza nyingine ndogo ndani yake, hakimu anasikiliza hilo moja tu, yalitolewa kwa hiari au la. Na mzigo ni wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, wao ndo wathibitishe kwamba hakuna aliyekugusa. Hapo mpelelezi ataulizwa alimhoji chumba gani, nani mwingine alikuwepo, mtuhumiwa alikuwa ameshakula, kwa nini PF3, ile fomu ya polisi ya hospitali, ya siku iliyofuata inaonyesha jeraha kwenye kisigino.

Na hata yakipokelewa, bado mahakama za huku kwetu tangu kesi ya Tuwamoi ya 1967, ya ile mahakama ya rufani ya Afrika Mashariki, zinafuata kwamba kukiri kulikokanwa kupokelewe kwa uangalifu, hakimu atafute ushahidi mwingine unaounga mkono. Anaweza kumtia mtu hatiani bila huo mwingine kama ameridhika kabisa ni ukweli, ila ajionye kwanza.

Kama rafiki yako alipelekwa pia kwa mlinzi wa amani, ambaye mara nyingi ni hakimu wa mahakama ya mwanzo, akakiri tena kule, hapo kazi ni nzito zaidi, maana mlinzi wa amani si polisi na anatakiwa amkague mwili kwanza, amuulize ametoka wapi, analala wapi, amepigwa au hajapigwa.

Sisi huku Kenya ni tofauti ama? Niko Likoni. Askari wa DCI, idara yetu ya upelelezi, alimshika binamu yangu akamwandikisha "confession" peke yao wawili ofisini. – Wa Likoni

Ni tofauti sana na kwenu mmelindwa zaidi kwenye hilo. Sheria yenu ya ushahidi, kifungu cha 25A, inasema kukiri hakupokelewi mpaka kuwe kumefanywa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi ambaye SI yule anayepeleleza kesi, asiwe chini ya cheo cha inspekta, na awepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Kwa hiyo peke yao wawili ofisini, na huyo askari ndiye wa kesi, wakili wa binamu yako aanzie hapohapo. Na Katiba yenu ya 2010, ibara ya 49, saa 24 za kufikishwa kortini, zikiangukia wikendi basi siku ya korti inayofuata.

Mnaikumbuka kesi ya mauaji ya wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wa teksi, Juni 2016 baada ya kutoka korti ya Mavoko. Ile kesi ni darasa zuri la upelelezi, na washtakiwa wenyewe wengi walikuwa askari. Kulikuwa na kikaratasi cha tishu kilichorushwa nje ya mahabusu ya kambi ya polisi wa utawala Syokimau, kimeandikwa mke apigiwe simu, wako hatarini. Kulikuwa na rekodi za simu zinazoonyesha nani alikuwa karibu na mnara gani saa ngapi. Na kulikuwa na kukiri kwa mshtakiwa mmoja aliyekuwa mpasha habari wa polisi, kulikopiganiwa sana na mawakili kabla ya jaji kukukubali. Julai 2022 wanne wakatiwa hatiani, Februari 2023 mmoja akahukumiwa kifo na wengine miaka 20 mpaka 30. Kukiri peke yake kusingefika mbali, kilichoipa kesi uzito ni kwamba kukiri huko kulilingana na simu na kile kitishu.

Mama Korti kuna jamaa mtaani kwetu Mwanza alikamatwa na bangi mchana kweupe, mtaa mzima tuliona, lakini kaachiwa. Mnasema mahakama ni haki, haki gani hii? Au mpelelezi alikula? – Mwananchi Mwenye Hasira, Mwanza

Punguza hasira nikueleze. Inawezekana alikula, sijui, lakini inawezekana pia alifanya kazi ovyo tu, na mimi kwa miaka niliyokaa masijala naona la pili ni la kawaida zaidi.

Mtaa mzima mliona bangi. Mahakama haiulizi mtaa uliona nini. Inauliza, hili furushi lililoko mezani leo, ndilo lile lililotoka chini ya kitanda cha jamaa? Nani alilichukua, akampa nani, likalala wapi, nani akalipeleka kwa Mkemia Mkuu, likarudi na nani. Mahakama ya Rufani ililisema hili kwa urefu kwenye kesi ya Paulo Maduka na wenzake, rufaa ya jinai namba 110 ya 2007, kwamba safari ya kielelezo iandikwe hatua kwa hatua tangu kinakamatwa mpaka kinafika mahakamani, na tangu hapo mawakili wa utetezi nchi nzima wanaitembea nayo mfukoni. Baadaye mahakama hiyohiyo ikalegeza kidogo, kwa vitu visivyobadilishika kirahisi hata mnyororo wa makaratasi ukikatika ushahidi wa mdomo unaweza kutosha. Lakini majani makavu yaliyofungwa kwenye gazeti si kitu cha namna hiyo.

Wacha nikupe mfano wa jinsi inavyokuwa, nimeutunga lakini ni wa kila wiki. Mpelelezi yuko kizimbani, kaapa, kaongozwa vizuri na wakili wa serikali, kielelezo kimepokelewa. Anasimama wakili wa utetezi, taratibu kabisa:

– Afande, hii hati ya ukamataji mali umeijaza wewe?
– Ndiyo.
– Isomee mahakama muda.
– Saa kumi na moja jioni.
– Na hii rejista ya mtunza vielelezo wa kituo, furushi limepokelewa saa ngapi?
– Saa... tisa na nusu alasiri.
– Kwa hiyo lilifika kituoni kabla hujalikamata.
– Ni makosa ya kuandika mheshimiwa.
– Uzito umeandika gramu 400. Taarifa ya mkemia inasema 310. Na hapo pia ni kuandika?

Jamaa yenu kaachiwa hapo. Hakuna aliyehitaji kula chochote.

Na upekuzi wenyewe una taratibu zake. Kunatakiwa kibali, isipokuwa pale pa dharura ambapo ukisubiri ushahidi utapotea, na hiyo dharura iwe ya kweli sio ya mdomoni. Awepo shahidi huru, huku kwetu kawaida ni mwenyekiti wa mtaa au mjumbe, sio askari mwenzake. Vilivyochukuliwa viandikwe, mwenye nyumba asaini, apewe na risiti. Siku mkiitwa kuwa mashahidi wa upekuzi nyie wa mtaani msisaini karatasi tupu eti "afande atajaza baadaye", maana mtakuja kuulizwa nyie mahakamani.

Kuna na hili dogo linaloangusha wengi. Kielelezo cha maandishi kikipokelewa kinatakiwa kisomwe kwa sauti mahakamani ili mshtakiwa ajue kimesema nini, kesi ya Robinson Mwanjisi ndiyo inayotajwa kila siku kwa hilo. Kisiposomwa, kwenye rufaa kinafutwa kwenye kumbukumbu kama hakijawahi kuwepo, na ikiwa ndicho kilichobeba kesi, mtu anatoka.

Hivi kwa nini wapelelezi hawavai sare mahakamani, na zile herufi D/C mbele ya jina ni nini? – Mdadisi, Iringa

D ni detektivu, C ni konstebo. D/CPL koplo, D/SGT sajenti. Idara yao wanavaa kiraia ndo maana.

Mtoto wangu ametambuliwa kwenye gwaride la utambulisho hapa Arusha, kesi ya unyang'anyi wa usiku. Anasema mpelelezi ndo alipanga kila kitu na mashahidi walikuwa wamekaa benchi pale mapokezi wakati yeye anapitishwa na pingu. – Mama wa Arusha

Dada yangu, hilo la benchi liandike leo, mwambie mtoto akumbuke siku, saa, na nani alikuwepo, umpe wakili.

Kanuni za gwaride ni za zamani sana, zilishawekwa na mahakama ya rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1936 na mpaka leo zimo kwenye miongozo ya polisi, PGO 232. Afisa mwenye kesi asiliendeshe yeye gwaride, anaweza kuwepo lakini aendeshe mwingine. Mashahidi wasimuone mtuhumiwa kabla. Apangwe na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye umri, urefu, mwonekano, sio umweke kijana mweusi mrefu katikati ya wazee wafupi. Achague mwenyewe pa kusimama, na shahidi mmoja akishatoka anaweza kuhama nafasi kabla hajaingia mwingine. Aambiwe anaweza kuwa na wakili au rafiki wakati linafanyika.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi ya gwaride. Kesi ya Waziri Amani ya 1980 ilishasema utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu, hakimu aulize shahidi alimtazama mtu kwa muda gani, umbali gani, mwanga wa nini na mkali kiasi gani, aliwahi kumjua kabla, kulikuwa na kizuizi. "Kulikuwa na taa" haitoshi. Taa gani, ya solar ya nje au tochi ya simu? Kwa hiyo yatafutwe maelezo ya kwanza kabisa ya yule shahidi, yale aliyoandikwa na mpelelezi asubuhi ya tukio. Kama asubuhi ile hakutaja jina, hakutaja hata shati wala kovu, halafu wiki mbili baadaye kwenye gwaride ananyoosha kidole moja kwa moja, mahakama itajiuliza alijuaje. Kumtaja mtu mapema ndiko kunakompa shahidi kuaminika.

Mpelelezi wa kesi ya marehemu baba yetu amehamishwa, wa pili amefariki. Kesi imekufa? Songea.

Haijafa. Aliyehamishwa anaitwa kwa samansi, hata akiwa Kagera anasafirishwa, na kuhama si sababu ya kuomba tarehe kila mara. Kwa aliyefariki, sheria ya ushahidi inaruhusu maelezo yake ya maandishi yapokelewe kwa masharti, mojawapo upande wa pili upewe nakala mapema na wana siku 10 za kupinga. Hakuna idadi maalum ya mashahidi, mmoja wa kuaminika anatosha. Ila kama aliye hai ndiye pekee anayejua kipengele muhimu na Jamhuri hawamleti wala hawasemi kwa nini, mahakama inaweza kudhani angekuja angewaharibia, ndo msimamo wa kesi ya Azizi Abdallah ya 1991.

Na wao wakikosea wanashtakiwa? Au ni sisi tu? – Bodaboda, Tabora

Wanashtakiwa. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi waliuawa Dar es Salaam, awali ikasemwa ni majambazi walioshambuliana na polisi kwa risasi. Rais Kikwete akaunda tume ya Jaji Musa Kipenka, tume ikasema hawakuwa majambazi, na kundi la polisi likafikishwa mahakamani, miongoni mwao aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa wa Dar es Salaam. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ikawaachia waliobaki wote, DPP akakata rufaa, na 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja na kumhukumu kifo. Yule wa mkoa aliachiwa tena.

Fikiria mwenyewe ugumu wake, polisi anampeleleza polisi, wanafahamiana, wamekula mess moja. Ndo maana Tume ya Rais ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman, iliyotoa taarifa yake 2023, ilipendekeza kuwe na chombo cha taifa cha upelelezi nje ya jeshi la polisi. Mimi naliunga mkono, ingawa nina wasiwasi kwamba tukibadilisha jengo na kibao tukawahamishia watu walewale, na mafuta ya gari yakaendelea kukosekana, mzee wa Mbagala ataombwa hela ileile na ofisi mpya.

La mwisho mama, nimepewa samansi ya kuwa shahidi wiki ijayo Dodoma. Mpelelezi kanipigia niende kwanza tukapitie maelezo yangu. Je si kunifundisha uongo? – Muoga

Kuyasoma maelezo yako mwenyewe uliyoyatoa mwaka juzi hakuna ubaya, nenda, maana wakili wa utetezi naye anaweza kuwa nayo na kila utakapotofautiana nayo atakuuliza ulidanganya lini, wakati ule au leo. Ukikuta humo kuna kitu hukusema, mwambie mpelelezi na wakili wa serikali hapohapo, na ukiulizwa mahakamani sema hivyohivyo. Akikwambia "hapa sema ulimuona na panga" na hukumuona na panga, kataa, anayeapa ni wewe.

Ukiwa kizimbani jibu ulichoulizwa basi, usipambe. Hukumbuki, sema sikumbuki. Na kabla hujaondoka pitia kwa karani umuulize posho ya shahidi, nauli ya kutoka kwako mpaka Dodoma si mzigo wako, nenda na tiketi ya basi.